Nani wa Kulaumiwa? Imani, sayansi na mateso mtaani Obunga

Mtoto wa miezi minane akivimba vidole vya mikono na miguu, akawa halali wala hashikiki kwa maumivu, mama yake mtaani Obunga hakosi majibu. Jirani atamnong'oneza kwamba ni chira: kuna mwiko umevunjwa, pengine upande wa baba. Mchungaji wa kanisa la mabati atasema ni laana ya ukoo, inataka mfungo na mkesha. Daktari katika hospitali ya rufaa, ile ambayo Kisumu nzima huiita Russia, atamtoa mtoto damu, angoje maabara, kisha aseme ni selimundu. Mara nyingi mama hachagui. Atafunga, atakesha, na kliniki pia atakwenda.

Kwa miaka mingi hali hiyo ilivumilika. Iliyoivuruga ni Shakahola. Tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu ule wa Kilifi yalipoanza kufukuliwa na maiti zaidi ya 400 kutolewa, za watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni kwenda kumlaki Yesu, hata waliokuwa hawajibizani kuhusu dini wameanza kujibizana. Mungu alikuwa wapi? Na kama sayansi imeshaeleza magonjwa yanakotoka, amebakiwa na kazi gani? Maswali haya mawili huulizwa kwa pumzi moja kana kwamba ni swali moja. La sayansi ni jepesi kuliko linavyosikika. La mateso ni zito kuliko mimbari nyingi zinavyokubali, na sayansi, badala ya kulipunguzia uzito, imeliongezea.

Mtaa unaosali

Obunga uko kaskazini mwa kitovu cha jiji la Kisumu, kandokando ya barabara ya Kakamega, jirani na eneo la viwanda. Ujirani huo ndio unaolisha mtaa. Minofu ya samaki wa mbuta inayokatwa viwandani humo huenda ng'ambo. Vichwa na mifupa hubaki, vikaanikwa juani, vikatumbukizwa kwenye karai la mafuta yanayochemka na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Wanawake wanaokaanga husimama katika moshi tangu asubuhi, macho mekundu, watoto wakicheza hatua chache kutoka kwenye moto. Jumapili wengi wao huvaa nyeupe na kwenda kusali.

Kusali huku kuna historia, na historia yenyewe imejaa misiba. Johana Owalo alianzisha kanisa la Nomiya mwaka 1914 baada ya kupitia madhehebu ya wamisionari na hata Uislamu bila kutulia. Mwaka 1963 vuguvugu la Legio Maria lilijitenga na Kanisa Katoliki chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Huyu Aoko alikuwa mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wake wawili kwa siku moja. Msiba wa namna hiyo ungetosha kumfanya mtu amkane Mungu. Yeye hakumkana. Alitoka akabatiza maelfu na kuwataka wachome hirizi zao, kwa kuwa aliona uchawi ndio uliomnyang'anya wanawe.

Huo ndio mkondo wa kawaida huku ziwani: mateso yasiyo na jibu humfanya mtu abadilishe kanisa, si aache kuamini. Sensa inaonyesha hivyo hivyo kwa nchi nzima. Mwaka 2009 Wakenya waliosema hawana dini walikuwa asilimia 2.4, mwaka 2019 walikuwa asilimia 1.6. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, kikasimamishwa mwaka huo huo, kikarudishiwa usajili na mahakama mwaka 2018. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Kwa hiyo anayedhani kwamba shule, simu na maabara vitaimaliza dini peke yake, hesabu hazimsaidii. Ila hesabu hizo hazithibitishi kwamba Mungu yupo. Zinasema tu kwamba anahitajika.

Shaka ya nyumbani

Husemwa mara kwa mara kwamba kumtilia Mungu shaka ni ugonjwa wa Wazungu. Wanaosema hivyo hawajasoma wazee wao. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, alizunguka vijijini kuhoji wazee wenye hekima na kuyachapisha mazungumzo yao. Mmoja, Paul Mbuya Akoko, alitetea kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote, maana maumbile yanakwenda kwa utaratibu mmoja, na miungu wengi wangeyavuruga. Mwingine, Oruka Rang'inya, baba yake mwanafalsafa mwenyewe, alikataa kumfanya Mungu kuwa mtu; kwake Mungu ni wazo, wazo la wema, lenye faida katika maisha. Wazee wawili wa Kijaluo wanatofautiana hapa kuhusu jambo kubwa kabisa, na hakuna aliyelazimika kupanda meli kwenda kulijifunza.

Okot p'Bitek alikwenda mbali zaidi. Mshairi huyu Mwacholi aliishi na kufanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, akaandaa tamasha la sanaa hapo mwaka 1968. Hoja yake dhidi ya wasomi kama John Mbiti ilikuwa kwamba wamemchukua Mungu wa wamisionari, mwenye sifa alizopewa na wanafalsafa wa Kigiriki, muweza wa yote na mjuzi wa yote, wakawavalisha babu zao.

Hoja hii huchukuliwa kama ugomvi wa wasomi, lakini inagusa kiini cha swali letu. Mateso huwa kesi dhidi ya Mungu pale tu inaposemwa kwamba anaweza yote na anapenda wote. Kama nguvu zilizo juu ya mtu ni nyingi, zinavutana, na nyingine zina hasira, kifo cha mtoto ni msiba lakini si fumbo. Mzee wa zamani aliuliza ni nani aliyekasirishwa, kisha akatafuta mbuzi wa kumtuliza. Hakuhitaji kumtetea Nyasaye, Mungu wa Wajaluo, kwa sababu hakuna aliyemshtaki. Ukristo, na Uislamu pia, uliingia na faraja kubwa ya Mungu mmoja mwenye rehema, na ndani ya mzigo huo huo likaja swali ambalo faraja yenyewe ndiyo inayolizaa. Sisemi Okot alikuwa sahihi kwa kila kabila; wapo wanaomkosoa kwamba aliwasemea Waacholi kisha akalipanulia bara. Ila kuhusu mahali lilikozaliwa tatizo, sijaona aliyemjibu vizuri.

Damu ya watu wa ziwani

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alirudi akapima damu za jamii mbalimbali za nchi hii. Aliona kitu cha ajabu. Kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, waliobeba chembe ya urithi ya selimundu walizidi asilimia 20. Kwa watu wa nyanda za juu na nchi kame hawakufika asilimia 1. Kwa nini ugonjwa unaoua watoto uenee hivyo sehemu moja na ukosekane nyingine? Allison akaiona ramani ya malaria chini ya ramani ya damu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi: anayerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa shida. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, seli zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na hapo ndipo vidole huvimba na mtoto hulia usiku kucha. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa.

Kwa vizazi vingi, basi, mbu ndiye aliyechagua nani azae na nani afe, na chembe iliyowaokoa wengi ikaendelea kurithiwa pamoja na mauti yake. Mtoto mgonjwa analipia uzima wa binamu zake. Barani Afrika inakadiriwa kwamba pasipo matibabu zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Malaria nayo haijaondoka: utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa ukanda wa ziwa, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6. Mwaka 2015 ukanda huu ulikuwa na asilimia 27, kwa hiyo tumesogea, lakini tumesogea taratibu.

Waumini wanajibuje?

Jibu la kwanza, na ndilo linalosikika zaidi mitaani, ni adhabu. Chira na laana ya ukoo ni ndugu. Moja inavaa ngozi, nyingine suti. Nguvu ya jibu hili isidharauliwe. Linampa mtu la kufanya. Linaufanya ulimwengu uwe na mpango, na linawakumbusha watu wajibu wao kwa jamaa. Kasoro yake ni kwamba ni uongo, na uongo wenye majeruhi. UKIMWI ulipoingia miaka ya 1980, kukonda kwake kulifanana mno na chira, na wajane wakabebeshwa lawama ya vifo ambavyo wao wenyewe walikuwa njiani kuvifuata. Selimundu inalivunja jibu hili kabisa, maana haina mkosaji. Baba na mama ni wazima, hawana habari ya walichobeba, na wamekibeba kwa sababu babu zao waliponea malaria.

Wakristo wanaosoma Biblia yao kwa makini walipaswa kulijua hili kabla ya Allison. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, naye anakataa yote mawili. Kitabu cha Ayubu kizima kinawakemea marafiki wanaotafuta kosa la mgonjwa. Waislamu wa Kaloleni na Manyatta Arabs nao wanamtaja Ayubu huyo huyo kwa subira yake.

Jibu la pili ni hiari: Mungu alimpa mwanadamu uhuru, na uovu ni matunda ya uhuru huo. Kisumu ina ushahidi mwingi wa kulitilia nguvu jibu hili. Hospitali ya Russia ilifunguliwa Oktoba 25, 1969, kwa msaada wa Wasovieti, na siku hiyo hiyo walinzi wa rais wakafyatulia umati risasi, wakaua watu wakiwemo watoto. (Dola iliyofundisha kwamba hakuna Mungu ilijenga wodi ambazo leo zimejaa maombi, sijui ni nani kati ya pande hizi mbili anayepaswa kuona aibu.) Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao Nyalenda katika msako wa polisi, akafa. Hapo hakuna haja ya kumtafuta Mungu. Mahakama ya uchunguzi iliwataja makamanda. Ila jibu la hiari linaishia hapo. Mbu hana hiari, wala seli haiamui kujikunja.

Jibu la tatu linasema mateso hukomaza, au kwamba Mungu hayaondoi bali anayashiriki, ndiyo maana ya msalaba. La kukomaza linaweza kumfaa mtu mzima aliyepona. Kulisema juu ya kitanda cha mtoto anayekufa kabla hajajifunza kusema ni ukatili, hata likisemwa kwa sauti ya upole. La kushiriki lina uzito zaidi, na pengine ndilo linaloishi kweli katika mikesha ya Legio na ya makanisa ya Roho, ambako watu hawaelezwi kwa nini, wanaliliwa pamoja. Gharama yake ni kwamba Mungu huyo anabaki na mapenzi huku uweza wake ukipungua, na waumini wengi hawako tayari kulipa gharama hiyo.

Wenye shaka wanasimama wapi?

Hoja yao bora haitoki Darwin, inatoka wodini. Fundi gani, wanauliza, angekinga watoto na malaria kwa njia inayowaua wengine, ilhali angeweza kutoumba kimelea chenyewe? Maumbile yasiyo na nia ndivyo yanavyofanya kazi: yanaokota kilichopo, yanakubali hasara, yanasonga mbele. Ukiitazama selimundu bila kuamua mapema, inafanana zaidi na kazi ya asiyekusudia kuliko ya mwenye rehema. Nimeitafuta hoja ya kuiangusha na sijaipata. Zilizopo zinaomba tusubiri jibu upande wa pili wa kaburi, na kusubiri si kujibu.

Wanapoteleza ni pale wanaposema sayansi yenyewe imemkanusha Mungu. Haijafanya hivyo. Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala aliyeeleza saratani ya taya inayowapata watoto wa ukanda huu mwaka 1958, kisha akaendesha gari maelfu ya maili kuichora ramani yake, alikuwa Mkristo mcha Mungu mpaka mwisho. Saratani hiyo nayo ilikuja kuhusishwa na malaria na kirusi. Sala hazikumzuia kuona, na alichokiona hakikumzuia kusali. Kwa upande wa pili, mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka mifupa ya watu wa kale isiwekwe mbele katika Makumbusho ya Taifa, akihofia imani ya watoto. Hofu hiyo iliiachia sayansi nafasi ambayo hakuna aliyeiomba. Fuvu la nyani wa kale ambalo Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948 linapingana na hesabu fulani ya siku za uumbaji. Kwa swali la kama yupo anayejali, fuvu limenyamaza.

Udhaifu mwingine wa wenye shaka ni wa mtaani. Akifa mtu Obunga, kanisa ndilo linaloleta viti, sufuria, kwaya na bahasha ya mchango. Chama cha wasioamini hakina kamati ya mazishi. Huenda hiyo si hoja ya ukweli, lakini mtu hakati kauli juu ya Mungu akiwa peke yake chumbani; anakata akijua ni nani atakayembebea jeneza.

Njia ya katikati na mpaka wake

Wengi hukimbilia makubaliano: daktari atibu, Mungu aponye. Ni makubaliano yanayofaa, mradi mpaka uheshimiwe. Mwaka 2011 haukuheshimiwa. Maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na baadhi ya wenye virusi vya UKIMWI waliacha dawa zao. Anayesema kikombe kinatibu virusi amevuka akaingia uwanja wa vipimo, na lazima akubali kupimwa.

Kisumu inajua kupima. Kati ya 2002 na 2006, katika utafiti wa virusi hivyo hivyo, wanaume 2,784 waligawanywa kwa kura, nusu watahiriwe na nusu wasubiri. Jambo lilikuwa zito, kwa kuwa tohara si desturi ya Wajaluo na wazee walilipinga. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: waliotahiriwa walipunguza hatari ya kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Nyanza, ambako utafiti wa kitaifa wa 2007 ulikuta asilimia 14.9 ya watu wazima wana virusi, haikuweza kupuuza. Desturi ilisogea bila watu kuacha kuwa Wajaluo, wala kuacha kusali.

Kinachobaki mizanini

Mungu anayeadhibu kupitia damu ya watoto hana pa kusimama tena, na anayemhubiri anapaswa kuulizwa hadharani ushahidi wake. Mungu muweza wa yote na mwenye rehema bado ana kesi ya kujibu. Sayansi haikuifungua kesi hiyo, bali imeleta shahidi mpya, na shahidi huyo anasema dhidi yake. Anayeendelea kumwamini hafanyi upumbavu, ila anaamini pamoja na ushahidi huo, na heri akiri hivyo kuliko kuutafutia visingizio. Kuna sehemu kubwa ya mateso ya Obunga ambayo pande zote mbili huivuka haraka mno: mtaro usiozibuliwa ambamo mbu huzaana, chandarua kilichochakaa, maji ya kununua. Ukisema ni mapenzi ya Mungu au ukisema ni maumbile, serikali ya kaunti inapona vilevile.

Na sasa lipo jambo ambalo halitasubiri mjadala uishe. Selimundu hupimwa kwa tone la damu tangu mtoto anapozaliwa. Utafiti uliofanywa katika nchi nne za Afrika, kituo kimojawapo kikiwa Kilifi, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu, vifo na hata malaria kwa watoto hawa. Makanisa mengi ya Kenya yamezoea kuwataka wachumba walete majibu ya kipimo cha virusi kabla ya harusi, na nchini Nigeria yapo yanayodai cheti cha damu pia. Desturi hiyo ikifika Obunga, mchungaji atakaa na wachumba wawili wanaopendana, wote wabebaji. Akiwakatalia ndoa, atakuwa amesema kuna watoto ambao afadhali wasizaliwe, tena atalisema mbele ya washirika ambao baadhi yao ndio hao watoto, wamekua, wanakuja kanisani na chupa zao za dawa. Akiwabariki, atakuwa ameiweka mikono yake juu ya ile moja kati ya nne. Maabara itampa namba. Kuhusu la kufanya na namba hiyo, hana sura wala aya ya kuifungua, na daktari aliye ng'ambo ya barabara hana pia.